Chupa za Uzi Mwekundu

Mpimaji alikuwa na chupa arobaini na mbili za kioo zenye vizibo vya kioo, na katika miaka yote niliyomfahamu hakuvunja hata moja. Mimi nilivunja nne. Kila nilipovunja alisema neno moja la Kiarabu cha Juba, "Malesh," yaani haidhuru, kisha akachukua kalamu na kuandika katika daftari lake: zimebaki arobaini na moja, zimebaki arobaini, mpaka thelathini na nane. Hakuandika nani aliyevunja. Nilidhani anasahau. Baadaye nilijua kwamba hakuwa mtu wa kusahau.

Watu wa Juba walimwita Mzee wa Chupa. Mbele yake nilimwita Mzee, na moyoni namwita Mpimaji, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya na sikumwona akifanya nyingine. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ofisi ya maji, karibu na mto, kina dirisha moja dogo alilolifunika kwa gunia. Mlinzi wa lango, aliyeokota Kiswahili chake Uganda kama wengi wetu, alipoulizwa habari zake alijibu: "Mzee iko ndani. Anaongea na chupa. Ngoja yeye maliza."

Hakuwa akiongea nazo. Alikuwa akihesabu matone, na midomo yake ilicheza.

Nilipata kazi kwake mwaka tuliporudi kutoka Uganda, baada ya amani. Nilikuwa na mtoto mmoja, Keji, na elimu ya darasa la tano. Mpimaji alinipa kipande cha karatasi akaniambia nisome. Kiliandikwa: Usitumie sabuni. Nikasoma.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi kazi umepata. Utaosha chupa. Jivu na maji, basi."

Huo ndio usaili wote niliofanyiwa maishani.

Kazi yenyewe alinieleza polepole, kwa wiki kadhaa, kana kwamba ananipa dawa. Katika maji ya mto kuna vidudu wadogo wasioonekana, ambao kula uchafu ndiyo kazi yao. Wakila wanapumua. Wakipumua, hewa iliyomo majini inapungua. Kwa hiyo ukiwafungia chupani pamoja na kitu fulani, pasibaki kiputo hata kimoja cha hewa ya nje, ukawaweka gizani siku ishirini na nane, kisha ukapima hewa iliyobaki, utajua kama wamekila kile kitu au wamekikataa. Hewa ikipungua sana, wamekula. Kitu hicho kinaoza, na mto utakimaliza. Hewa ikibaki, hawakugusa.

"Ukitaka kujua kama wageni wamekula, usiwaulize," alisema. "Watakuambia wameshiba. Tazama sahani."

Kila mara chupa zilikuwa za aina tatu, na alizifunga nyuzi shingoni. Uzi mweupe, maji ya mto peke yake. Uzi wa kijani, maji pamoja na chumvi fulani ambayo vidudu huila bila kusita. Hizo aliziita mashahidi, maana hewa yake isipopungua, basi vidudu wamekufa na hakuna cha kupima. Uzi mwekundu, maji pamoja na kile kitu kinachoshitakiwa.

Alizijaza mwenyewe. Aliteremsha maji kwa mpira mwembamba hadi chini ya chupa, taratibu, mpaka yafurike, kisha akatia kizibo kwa mshazari kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto. Akiona kiputo, alimwaga na kuanza upya. Siku moja nilihesabu mara tisa kwa chupa moja. Hakukasirika hata mara ya tisa, na hilo lilinichosha kuliko kama angekasirika.

Kipimo kilitaka joto la nyuzi ishirini. Juba haina nyuzi ishirini. Alinunua mitungi mikubwa mitatu ya udongo, ile inayoitwa ziri, akaijaza maji, akazamisha chupa humo, akaizungushia magunia ambayo niliyalowesha asubuhi, mchana na jioni. Tulifika ishirini na tano. Siku ya mvua, ishirini na nne. Mkubwa wake wa ofisini alimwambia aandike ishirini tu, nani atakuja kuhakikisha? Mpimaji aliandika ishirini na tano.

"Wasomaji wana akili," aliniambia. "Wataona wenyewe kwamba tuko Juba."

Usidhani alikuwa mtu aliyenyooka kila upande. Aliyapima maji ya mji mzima, lakini nyumbani kwake alikunywa ya mtoni bila kuyachemsha, akisema vidudu wale wanamfahamu. Aliwafokea wafuaji waliomwaga maji machafu korongoni, ilhali mashati yake yalikuwa meupe kuliko ya kasisi. Alisema hapendi chai yenye sukari nyingi, na alitia vijiko vinne. Nilipomtazama alisema, "Sipendi. Sikusema sinywi."

Siku ishirini na nane alizitumia kwa kila jambo. Mlinzi alipogombana na jirani yake na kuapa kwamba hatamsamehe mpaka kaburini, Mpimaji alimwambia, "Kaburini ni mbali. Jaribu ishirini na nane." Mama yangu alipofariki alikuja nyumbani kwetu Buluk, akaketi kwenye kiti cha mlangoni saa nzima, akaenda zake. Alirudi siku ya ishirini na nane. Akauliza, "Sasa?"

Nikamwambia, "Bado, Mzee."

Akatikisa kichwa. "Bado ni jibu," alisema. "Watu hudhani kuna majibu mawili."

Nimelikumbuka hilo sana mwaka huu.

Sasa nieleze habari ya sabuni, maana bila hiyo ningekuwa nasifu tu.

Mume wangu, Baba Keji, alitoka Uganda na ujuzi mmoja. Alijua kuchanganya sabuni ya maji. Alileta mapipa ya ujiuji mzito wa kahawia, akakodi kibanda hapo Buluk, akachanganya na maji na chumvi, akauza kwa chupa. Ilikuwa sabuni nzuri. Ilitoa mafuta ya gari kwenye kanzu. Wafuaji waliacha sabuni za miche wakaja kwake, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilimsikia mume wangu akiimba asubuhi. Miaka ya ukimbizini hakuimba.

Kisha povu likatokea. Lilishuka na maji ya korongo walikofulia, likaingia mtoni, likakaa juu ya tangi la ofisi ya maji kama pamba, na halikuondoka. Ofisi ikamwita mume wangu. Wakasema hawataamua lolote mpaka Mpimaji apime: ikiwa sabuni yake inaoza majini, atapewa kibali, ikiwa haiozi, kibanda kitafungwa.

Jioni nilikwenda kwa Mpimaji. "Mzee, ile ni sabuni ya mume wangu. Afadhali mtu mwingine aoshe chupa safari hii."

Hakuinua macho. "Chupa hazina mume, Mama Keji."

Nikaosha. Niliosha zile za uzi mweupe na za kijani kwa jivu na maji, kama siku zote. Nilipofika kwenye zile kumi za uzi mwekundu mkono wangu ukawa mzito. Humo itaingia kazi ya nyumba yangu. Sikutaka iingie mahali panaponuka jivu. Kwetu kibuyu cha maziwa hakimalizwi kwa jivu. Ukishakisugua, unakisuuza kwa maji yaliyokorogewa unga wa dura, ule mtama wetu, unakigeuza juu chini, unakiacha kikauke. Ndivyo mama alivyonifundisha, na kibuyu cha mama hakikuwahi kuharibu maziwa. Nilitia konzi moja ya unga katika beseni, nikasuuza zile kumi, nikazigeuza. Karatasi ilisema nisitumie sabuni. Sikutumia sabuni.

Tukangoja siku ishirini na nane. Mpimaji alikuja kwetu mara mbili katika siku hizo, akala, akanunua chupa ya sabuni kwa mume wangu akalipa kama mtu mwingine. Baba Keji alimtania: "Mzee, wale vidudu wako wanasemaje?" Mpimaji akajibu: "Wanakula. Si adabu kuwauliza."

Siku ilipofika alifungua chupa. Alitia dawa ya kwanza na ya pili, maji yakageuka tope la kahawia; akatia asidi, yakawa manjano kama chai ya mgonjwa; akatia maji meupe kidogo kutoka kwenye kichupa, yakawa bluu; kisha akadondosha dawa ya mwisho tone kwa tone mpaka bluu ikaondoka. Matone machache, hewa kidogo. Kwenye chupa za uzi mwekundu matone yalikuwa machache mno. Alirudia tatu nyingine. Machache.

"Wamekula," alisema.

Mume wangu alipata kibali. Tulichinja mbuzi. Mpimaji alikuja akala paja zima, akasema hapendi nyama.

Kama mwezi hivi baadaye yale maji meupe ya kichupani yaliisha. Mpimaji alikuwa na maji ya kisima yanayongoja kupimwa. Akaniuliza, "Mama Keji, unao unga wa dura?"

"Wa nini, Mzee?"

"Ni wanga tu. Wanga wowote unafaa."

Nilimletea. Aliuchemsha, akauchuja, akatia tone katika maji ya manjano, yakawa bluu ileile. Nilisimama pale. Nikamwuliza: "Wale vidudu, wanakula wanga?"

"Kuliko kitu chochote."

Nilikaa siku tatu. Sitasema sikushawishika kunyamaza. Nilimtazama mume wangu akikoroga pipa na kuimba, nikajiambia kwamba povu ni povu tu. Siku ya nne nilikwenda, nikasimama mlangoni, nikamwambia Mpimaji yote.

Alivua miwani. Akafungua daftari.

"Unga kiasi gani?"

"Konzi moja."

"Katika maji kiasi gani?"

"Beseni lile la kijani."

"Ukasuuza tena baadaye?"

"Hapana. Ukisuuza tena, harufu ya jivu inarudi."

Alisimamisha kalamu. "Kweli inarudi?"

"Kweli."

Akaandika na hilo.

Kisha akachukua karatasi ya barua. Aliandika kwamba kipimo cha kwanza hakifai kwa kuwa chupa zilikuwa na wanga, vidudu walikula wanga, na habari za sabuni hazijulikani. Mwisho akaandika: Kosa ni la mpimaji.

Nikasema, "Mzee, hilo si kweli. Andika jina langu."

"Uliniambia mtu mwingine aoshe. Nani alikukatalia?"

"Wewe."

"Nani alisema chupa hazina mume?"

"Wewe, Mzee."

"Basi nimeandika kweli," akasema, akalamba bahasha.

Kwa barua ile mkubwa wake alimnyima cheo alichokuwa akingoja, kikaenda kwa mtu mwingine aliyejua kuandika ishirini. Mpimaji alinunua rula mpya ya daftari lake.

Kipimo cha pili niliosha kwa jivu, nikasuuza mara saba kwa maji yaliyochemshwa, naye amesimama. Siku ishirini na nane. Chumvi ya mashahidi ililiwa vizuri. Chupa za uzi mwekundu zilikuwa na hewa karibu sawa na za uzi mweupe. Vidudu hawakugusa. Aliandika: Haiozi kwa urahisi. Nilimwuliza kwa nini asiandike haiozi, iishe. Akasema, "Nimengoja siku ishirini na nane. Siku ya ishirini na tisa siijui."

Kibanda kilifungwa. Baba Keji alimwaga mabaki barabarani, mbali na korongo, kwa sababu hata katika hasira alikuwa mtu wa haki. Haukupita mwezi akaenda kulima bamia na muhogo Gudele, ambako wakati ule kulikuwa na nyasi tu. Muhogo ulikubali. Hatukulala njaa. Lakini kuimba kuliisha.

"Yule mzee amenichezea," alisema. "Leo ndiyo, kesho siyo. Kala mbuzi wangu, kisha kanifungia. Jina lake nisilisikie humu ndani."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na sufuria mkononi, nakumbuka. Nikaiweka chini, nikaenda kuchota maji. Barua ilisema kosa ni la mpimaji, na mimi nikaacha iseme hivyo nyumbani kwangu. Miaka minne mume wangu alimchukia mtu kwa ajili ya beseni langu, nami kila asubuhi nilikwenda kumlowanishia magunia mtu huyohuyo. Mpimaji aliuliza mara moja tu: "Umemwambia?" Nikasema bado. Hakuuliza tena.

Kibanda kilipofungwa Mpimaji alikuwa ameomba sabuni kiasi cha kikombe. Alikitia katika mtungi mkubwa wa kioo wenye maji ya mto, akaziba kwa pamba, akaweka kwenye rafu. Kila mwaka aliutikisa mara kumi, akautua, akahesabu povu linakaa muda gani. Mwaka wa kwanza alihesabu hadi mia sita, akaenda kula, akarudi likiwa lingalipo. Mwaka wa pili mia tatu na kitu. Aliandika hesabu kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mtungi, kwa penseli. Nilimwuliza kwa nini penseli, yeye wa kalamu. Akasema, "Hiki si kipimo. Hiki ni mimi tu."

Na mashati yake, kwa wenye kutaka kujua, aliendelea kuyafua kwa ile chupa aliyoinunua kwetu mpaka ikaisha, na maji yake aliyamwaga barabarani. "Ni sabuni nzuri," alisema. "Sikuandika kwamba ni mbaya."

Alipostaafu alikwenda kukaa Nesitu kwa binti wa dada yake, kando ya barabara ya Nimule, yanapopumzika malori. Chupa aliziacha ofisini, thelathini na nane, kwa sahihi. Mtungi alikwenda nao. Nilisikia anakohoa. Nilichelewa kwenda kumwona kwa sababu nilijua atakalouliza hata asipouliza.

Siku moja nikamwambia mume wangu. Ilikuwa mchana, anakata muhogo. Nilisema yote: unga, beseni, barua, miaka. Aliendelea kukata. Alijaza kichanja kizima cha kuanikia, akanawa, akaingia ndani. Hakusema neno siku ile, wala kesho yake, wala kesho kutwa. Chakula alikula. Aliponipa kitu alikiweka chini, nikakiokota.

Siku ya tatu nilipanda lori kwenda Nesitu. Mpimaji alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta, amekonda hadi shingo yake ikawa kama ya chupa zake. Malori yalipita, vumbi likatua kwenye chai yake, akalitazama likizama.

"Nimemwambia," nilisema.

"Lini?"

"Juzi."

"Amesemaje?"

"Hajasema neno. Leo siku ya tatu."

Alifikiri. "Chakula anakula?"

"Anakula."

"Mpe ishirini na nane," alisema.

Nilicheka, kisha nikalia kidogo, naye akangoja nimalize vyote viwili. Halafu akanionyesha mtungi kwenye kizingiti cha dirisha. Mikono yake haikuweza tena kuunyanyua. Nikautikisa mara kumi, nikautua, nikahesabu kwa sauti. Povu lilipanda jeupe, likaanza kutoboka katikati, likakimbilia kwenye kioo, likaisha. Thelathini na moja.

"Andika," akasema.

Nikaandika chini ya hesabu zake. Mwandiko wangu mbaya ulionekana wazi. Aliutazama muda mrefu. "Siku ya ishirini na tisa," alisema, "huwa wameshaondoka watu wote." Nilimwongezea sukari vijiko vinne, nikaondoka na lori la mwisho la alasiri.

Habari ya kifo chake ililetwa na dereva, wiki tatu na siku mbili baadaye. Tangu nimwambie Baba Keji, zilikuwa zimebaki siku mbili za zile ishirini na nane. Baba Keji alisikia amesimama uani. Aliingia ndani, akatoka na jembe na koleo, akavaa koti lake la kanisani katika joto lile, akaenda kusimama barabarani. Nilimfuata. Hakunisemesha, lakini lori liliposimama alishika mkono wangu nipande.

Alichimba na vijana wa Nesitu, koti amelitundika ukutani. Hakumwachia mtu jembe lake. Tulipomaliza kuzika, na watu wakakaa kunywa chai, binti wa dada yake alituletea ule mtungi akasema mzee aliagiza apewe Baba Keji. Hakusema kwa nini.

Mume wangu aliushika kwa mikono yenye udongo. Akasoma karatasi ya ubavuni, kutoka juu hadi chini, hesabu zote, hadi ya mwandiko wangu. Kisha akautikisa mara kumi. Hakuna aliyemwambia ni kumi. Labda alisoma, labda aliona tu kwamba inatosha. Akautua kwenye benchi kati yetu, akainamisha kichwa karibu na kioo, midomo yake ikicheza.

Povu likaisha.

"Ulihesabu polepole," akaniambia. "Ni thelathini na nne."

Nikachukua penseli, nikarekebisha.